Nairobi hadi Dar es Salaam: umbali, saa za ndege na namna ya kupanga safari nzima

Ukiuliza Nairobi na Dar es Salaam ziko mbali kiasi gani, utajibiwa kilomita 667, mwingine atakwambia 672, na dereva wa basi atacheka na kukwambia ni 900 na ushei. Wote watatu wako sahihi. Wa kwanza amepima kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege, wa pili amepima katikati ya mji hadi katikati ya mji, na wa tatu amepima kwa magurudumu. Kwenye muda ndiko watu wanakoumia, kwa sababu tiketi inasema saa moja na dakika ishirini, na mtu anapanga kikao cha saa tano asubuhi akiamini hesabu hiyo. Mwongozo huu unapanga safari kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa unakokwenda, na ndege ni kipande kimoja tu cha safari hiyo, tena kifupi.

Hatua ya 1: Pima umbali mwenyewe

Huhitaji programu yoyote. Kwa miji iliyo karibu na ikweta kama hii, kalamu na kikokotoo cha simu vinatosha. Uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA, msimbo wake NBO) uko nyuzi 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere (JNIA, msimbo wake DAR) uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Toa ndogo kwenye kubwa: kusini unapata tofauti ya 5.56, mashariki unapata 2.27. Kila uzi mmoja ni takribani kilomita 111, kwa hiyo umeshuka kusini kilomita 617 na kusogea mashariki kilomita 252. Sasa ni hesabu ya pembetatu mraba tuliyofundishwa shuleni: 617 kipeo cha pili, jumlisha 252 kipeo cha pili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Jibu ni kama 666 na nusu. Kompyuta, ikizingatia mviringo wa dunia, inakupa takribani 667. Tofauti hiyo haina maana kwa msafiri.

Njia hii inafanya kazi vizuri hapa kwa sababu moja: karibu na ikweta, uzi wa mashariki-magharibi na uzi wa kaskazini-kusini zina urefu unaokaribiana sana. Ukienda mbali na ikweta, mfano Cairo au Cape Town, nyuzi za mashariki-magharibi zinakuwa fupi zaidi na hesabu hii itakudanganya.

Marubani na mashirika ya ndege wanahesabu kwa maili za baharini, ambapo maili moja ni kilomita 1.852. Hivyo ukiona mahali pameandikwa 360, ujue ni safari ile ile.

Hatua ya 2: Elewa dakika za kwenye tiketi zinatoka wapi

Ndege ya jeti ikishafika juu inakwenda kilomita 800 kwa saa au zaidi. Gawanya 667 kwa 800 unapata dakika 50. Mbona basi ratiba inasema saa moja na robo hadi saa moja na nusu?

Kwanza, ratiba haihesabu muda wa angani peke yake. Inaanza ndege inaposukumwa kutoka ilipoegeshwa na inaishia pale inapoegeshwa upande wa pili. Katikati kuna kutembea kwenye lami, kusubiri zamu ya barabara ya kurukia, na kutafutiwa nafasi ya kuegesha. JKIA asubuhi, foleni ya ndege zinazosubiri kuruka ni jambo la kawaida.

Pili, kwenye safari fupi kama hii ndege haikai juu muda mrefu. Inapanda kwa dakika 15 hadi 20, inashuka kwa muda kama huo huo au zaidi, na katikati inabaki na dakika ishirini na kitu za kwenda kwa kasi yake kamili. Ndiyo maana kinywaji kinagawiwa mbio mbio na vikombe vinakusanywa hata hujamaliza. Ndiyo maana pia ndege ya mapangaboi kama ATR, ambayo mwendo wake ni kama kilomita 500 kwa saa, haiachwi nyuma sana kama mtu anavyodhani. Inachelewa kwa dakika kumi na tano, ishirini au thelathini. Binafsi sichagui ndege kwa tofauti hiyo. Naangalia inaondoka saa ngapi.

Kwenda na kurudi hazipishani sana. Nairobi iko juu, uwanja wake uko mita 1,600 na ushei kutoka usawa wa bahari, na Dar iko mita 55 tu, lakini kwa abiria hilo linaonekana zaidi kwenye koti kuliko kwenye saa.

Nchi zote mbili zinatumia saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo hakuna kurudisha wala kusogeza mishale. Mtego wa saa uko kwingine.

Hatua ya 3: Soma saa ya tiketi kwa makini

Tiketi inaandika 08:30. Hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi. Tunalijua hilo sote, lakini ndugu akikupigia simu na kukuuliza "ndege yako saa ngapi?" ukamjibu "saa nane na nusu" kwa kusoma tu kilichoandikwa, atakuja kukupokea mchana, jua la utosi. Ukimtumia mtu ratiba, andika zote mbili: "10:05, yaani saa nne na dakika tano asubuhi."

Hatari zaidi ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:40, safari yako ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 usiku, saa tatu au saa nne. Anayekwenda tarehe 15 usiku amechelewa kwa siku nzima, na tiketi nyingi za bei ya chini hazina msamaha.

Hatua ya 4: Chagua njia

Ndege ya moja kwa moja. Njia hii imekuwa ikihudumiwa na Kenya Airways, Precision Air na Air Tanzania. Angalia ratiba zote tatu kabla ya kulipa, kwa sababu siku na saa hubadilika kwa msimu. Jua pia kwamba anga la nchi hizi mbili lina siasa zake: mwaka 2020 Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways kwa wiki kadhaa wakati wa mvutano wa masharti ya korona, na Januari 2024 ilitangaza kuzizuia tena kwa sababu ya haki za ndege za mizigo, mgogoro ukamalizwa kwa siku chache. Si jambo la kukunyima usingizi, ila ukiwa na safari isiyoweza kuahirishwa, fuatilia habari wiki hiyo.

Ndege ya kuunganisha. Mitandao ya kuuza tiketi hupenda kukuonyesha safari ya kupitia Addis Ababa. Tazama ramani kwanza. Addis iko zaidi ya kilomita 1,100 kaskazini mwa Nairobi, na wewe unakwenda kusini. Utalipwa punguzo kwa kupoteza siku. Ikubali tu kama tofauti ya bei ni kubwa kweli na huna haraka.

Gari dogo hadi Arusha, kisha ndege ya ndani. Hii ndiyo njia ambayo wengi hawaifikirii. Kutoka Nairobi hadi Arusha kwa barabara ni kama kilomita 270, na magari ya abiria yanatumia saa tano au sita pamoja na mpaka. Kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Dar ni takribani kilomita 450 angani, chini ya saa moja na nusu kwa ratiba. Kodi na tozo za safari ya ndani ni ndogo kuliko za kimataifa, kwa hiyo jumla inaweza kuwa nafuu. Kwa mwenye shughuli Arusha au Moshi ni chaguo zuri. Kwa asiye na shughuli huko, ni uchovu.

Basi. Nairobi, Kajiado, Namanga, Longido, Arusha, Moshi, Same, Korogwe, Segera, Chalinze, Kibaha, Dar. Jumla ni kilomita 900 na ushei: kama 165 hadi Namanga, 110 hivi hadi Arusha, kisha 640 hadi Dar. Hesabu saa 14 hadi 16, na usishangae zikizidi. Basi halikimbii zaidi ya kilomita 80 kwa saa kisheria, na kila kijiji chenye kibao cha 50 linapunguza, maana trafiki wa barabara ya Segera hadi Chalinze wanajua kazi yao. Mabasi mengi yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi, ambacho kilianza kutumika 2021. Kutoka hapo hadi Posta, katikati ya mji, bado una safari nyingine.

Treni hadi Mombasa, kisha basi. Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, kutoka Nairobi ilianza kubeba abiria 2017 na inakufikisha Mombasa kwa saa tano hivi. Baada ya hapo ni barabara: Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Dar. SGR ya Tanzania, iliyoanza 2024, inakwenda Morogoro na Dodoma, na reli hizi mbili hazikutani popote. Njia hii ni ya mtu anayetaka kulala Mombasa au Tanga njiani.

Hatua ya 5: Andaa karatasi wiki mbili kabla

Raia wa Kenya na wa Tanzania hawahitaji viza kutembeleana, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahusiki na kibali cha mtandaoni (eTA) ambacho Kenya ilianza kuwatoza wageni wengine Januari 2024. Lakini kutohitaji viza si kutohitaji pasipoti. Wakenya waliozoea kuvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho hujisahau hapa. Kwa Tanzania beba pasipoti, iwe na miezi sita mbele. Asiye nayo aulize idara ya uhamiaji kuhusu hati ya muda ya kusafiria.

Afisa akigonga muhuri huandika siku ulizopewa. Zisome ukiwa bado dirishani. Kuzidisha siku ni faini, na kusema "sikuona" hakusaidii.

Kinachowakwamisha wengi ni kadi ya njano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Tanzania inamtaka anayetoka huko awe na cheti cha chanjo. Cheti kinaanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, na ndiyo maana nimesema wiki mbili. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016, chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti kimoja kinatosha maisha yote. Ile kadi yako ya zamani iliyoandikwa miaka kumi haijafa. Itafute kabla hujakimbilia kuchanjwa upya. Na wanaoendesha gari lao wasichanganye: kuna kadi nyingine ya njano, ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kuvuka mpaka. Unaweza kuhitaji zote mbili siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Funga begi ukijua sheria za pande zote

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Viatu na nguo chafu vitie kwenye mfuko wa kitambaa. Vimiminika kwenye begi la mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa, na hilo ni pamoja na asali, siagi ya karanga na achari ya shangazi. Weka kwenye mzigo mkubwa, au vitabaki mezani kwa mkaguzi. Ukipanda ATR, makabati ya juu ni madogo, na begi la magurudumu lililoingia bila shida kwenye jeti linaweza kuchukuliwa mlangoni likawekwa chini. Toa dawa, chaja na pasipoti kabla hawajalichukua.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mlango kwa mlango

Chukua mfano wa ndege ya saa mbili na nusu asubuhi kutoka Nairobi, abiria anaishi Westlands.

Saa kumi na moja alfajiri anatoka nyumbani. Barabara ya juu, ile ya kulipia iliyofunguliwa 2022, inampitisha juu ya foleni yote ya Barabara ya Mombasa. Asiyetaka kulipa aongeze muda, na siku ya mvua auongeze mara mbili.

Saa kumi na moja na dakika arobaini anafika geti la JKIA. Hapa kuna jambo ambalo mgeni halijui: kabla ya kufika majengo, abiria wote wanashuka garini, dereva peke yake anapita na gari, nanyi mnatembea kwenye kibanda cha ukaguzi na mifuko yenu ya mkononi. Upande wa pili mnalitafuta gari lenu kati ya mengine yanayofanana nalo. Kariri namba. Ukiwa kwenye teksi na mizigo iko buti, usiliondolee macho gari hilo.

Kisha ukaguzi wa mlangoni, dawati la mizigo, uhamiaji, ukaguzi wa pili. Saa mbili hadi tatu kabla ya ndege si mzaha wa shirika. Dawati la mizigo hufungwa kabla, mara nyingi saa nzima kabla ya kuruka, na likifungwa limefungwa.

Saa mbili na nusu ndege inasukumwa. Saa nne kasoro dakika kumi inaegeshwa Dar, Jengo la Tatu, lililoanza kutumika Agosti 2019. Dawati la afya kwanza, kadi ya njano mkononi, halafu uhamiaji, mzigo, forodha. Ikiwa ndege kubwa kutoka Doha au Dubai imetua dakika chache kabla yenu, foleni ya uhamiaji itakula muda wenu. Saa tano kasoro dakika ishirini yuko nje.

Baada ya hapo ni Barabara ya Nyerere. Uwanja uko kama kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Daraja la juu la Tazara lilipunguza shida, halikuimaliza. Mchana wa kawaida ni dakika 40 hadi 50 hadi Posta. Jioni ni saa moja na nusu bila aibu. Anayekwenda Mbezi Beach au Tegeta asijipimie kwa Posta, ana mji mzima wa kuuvuka.

Saa tano na nusu amefika. Ametumia saa sita na nusu, na kati ya hizo ndege imechukua saa moja na dakika ishirini. Kwa hesabu hiyo, kikao cha kwanza Dar kiwe saa nane mchana. Saa saba ukipenda kujaribu bahati.

Ukiweka saa sita na nusu hizo kando ya saa 15 za basi, ongeza saa moja ya kufika kituoni na nyingine ya kutoka Mbezi, unaona tofauti halisi ni kama saa kumi na moja. Jiulize saa kumi na moja zako, pamoja na usingizi, zina thamani gani, kisha linganisha na tofauti ya nauli. Mwanafunzi na mfanyabiashara mwenye marobota watapata jibu tofauti, na wote watakuwa wamepata jibu zuri.

Hatua ya 8: Weka akiba ya muda kwa sababu mahususi

Si kila kuchelewa ni bahati mbaya. Nairobi ina asubuhi za ukungu na mawingu mazito ya chini, na ndege ikishindwa kutua JKIA hupelekwa viwanja vingine, Mombasa mara nyingi. Ikiwa ndege yako ndiyo ile inayotarajiwa kutoka huko, nawe umechelewa. Dar, wakati wa masika, Machi hadi Mei, ndege inaweza kutua kwa wakati lakini wewe ukakwama mjini: bonde la Jangwani likijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa na magari yote yanahamia njia nyingine.

Ukiwa na ndege nyingine ya kuunganisha kwa tiketi tofauti, acha saa nne, si mbili. Tiketi mbili tofauti maana yake utapita uhamiaji, utachukua mzigo na kuanza upya, na shirika la pili halina deni kwako.

Kwa wanaopita mpaka wa Namanga kwa barabara, ucheleweshaji una sura nyingine. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, anayetoka Kenya anashukia jengo la upande wa Tanzania na kumaliza kila kitu humo: dirisha moja linagonga kutoka, la jirani linagonga kuingia. Ni haraka. Tatizo ni kwamba basi linasubiri abiria wa mwisho, na abiria wa mwisho daima ni yule aliyesahau kadi ya njano. Wabadilishaji fedha watakufuata na mabunda mkononi. Wanahesabu haraka kuliko macho yako, kwa hiyo jua kiwango cha siku hiyo kabla hujashuka, badilisha kidogo tu ya kula njiani, na uzihesabu noti mwenyewe. Dola na shilingi za Kenya usizitegemee madukani Dar: tangu 2025 sheria ya Tanzania inakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani.

Hatua ya 9: Kiti, na safari ya kurudi

Njia ya moja kwa moja inapita mashariki kidogo mwa Kilimanjaro, kama kilomita 30 hivi. Kwa hiyo ukienda Dar keti kulia, herufi F. Ukirudi Nairobi keti kushoto, herufi A. Rubani akipewa njia nyingine na waongoza ndege, mlima unaweza kuhama upande, na mawingu hayana ratiba. Ndege za asubuhi ndizo zenye nafasi nzuri. Epuka viti vilivyo juu ya bawa, na kwenye ATR jua kwamba bawa liko juu ya madirisha, hivyo unaona chini vizuri karibu popote.

Wakati wa kurudi, toka Posta saa nne kabla ya ndege kama ni jioni, saa tatu na nusu kama ni asubuhi. Mwambie dereva "Jengo la Tatu", maana ukisema "airport" peke yake anaweza kukushusha Jengo la Pili. Shilingi za Tanzania zilizobaki zibadilishe kabla ya kuondoka, kwa sababu Nairobi utapewa kiwango kibaya zaidi. Na kama ni Juni au Julai, koti liwe kwenye begi la mkononi: unapanda ndege ukiwa na jasho la Dar, unashuka kwenye baridi ya Nairobi usiku, na mzigo mkubwa bado unazunguka kwenye mkanda.